Jina la Mbio

Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio za baiskeli alipokuja kuniomba nimtengenezee programu ya simu, mume wangu alikuwa ametimiza miaka miwili na miezi minne bila kujulikana alipo. Naanza na hilo ili tusisumbuane. Watu wanaponisikiliza huwa wananiangalia usoni wakingoja nifike hapo, nami sipendi kungojewa.

Mayala aliondoka nyumbani Kolandoto kwenda kwenye rashi upande wa Geita, kule ambako mtu akiokota chembe ya dhahabu leo, kesho pori zima limejaa mahema ya wachimbaji. Mara ya mwisho alinipigia akiwa Buseresere. Alisema anakula ugali kwa sato, na kwamba huko mbele anakokwenda mtandao ni wa kubahatisha, nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia sina wasiwasi. Tulikuwa na miezi kumi na minne ya ndoa, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya mwisho, sato na mtandao.

Nilimtafuta. Nilikwenda Geita mara mbili na picha yake kwenye simu. Nikapita polisi, nikapita vyumba vya maiti, nikauliza kwenye machimbo ambako kila mtu ana jina la utani na hakuna anayemjua mwenzake kwa jina alilopewa na mama yake. Sikupata mtu wa kuniambia yuko hai wala wa kuniambia amekufa. Wajomba zake wakawa wanakuja kila baada ya mavuno kumshauri mama yake kwamba tukae matanga, tumlilie, tumalize. Mama mkwe wangu, Mbuke, aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chakula, kisha akawaambia bado. Sikumuuliza kwa nini. Niliishi naye nyumba moja, tulilima pamoja, tulikaa benchi moja kanisani, na hatukuwahi kulitaja jina la Mayala tukiwa wawili. Nilijua anamngoja mwanawe, na mama anayemngoja mwanawe huwezi kumwacha peke yake. Basi nikakaa.

Sikuwa mke, sikuwa mjane, na kusema kweli sikuwa hata na uchungu. Nilikufa ganzi. Chakula kilipita kooni, siku zilipita, mtu akifanya mzaha nilicheka pale pa kuchekea. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, kujua. Yuko hai au amekufa, vyovyote vile, ila nijue.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Anaitwa Benjamini, ni fundi baiskeli hapa Shinyanga mjini, na ana tumbo la mtu ambaye siku hizi baiskeli anazigeuza miguu juu tu, hazipandi. Mimi nimepanga chumba cha kazi nyuma ya duka la pembejeo, ninatengenezea watu programu: vikundi vya kukopeshana, shule, zahanati moja iliyotaka kuwakumbusha akina mama siku za kliniki. Benjamini aliingia, akakaa, akazungumzia mvua nusu saa nzima. Akahamia kwenye pamba. Nikajua ana jambo na anaona haya kulitaja, kwa sababu Mayala alikuwa mmoja wa waendeshaji wake wazuri. Nikamwambia asiogope, aseme. Akasema. Nilijisikiliza kama nimeumia, nikakuta hakuna kitu, nikachukua kalamu.

Mbio za baiskeli za kwetu si zile za kwenye televisheni, za watu waliobanwa na nguo. Hizi ni baiskeli za kawaida, ambazo siku za kazi zinabeba magunia ya mkaa na madumu ya maziwa. Siku ya mbio mwenyewe anang'oa keria, anang'oa madigadi, anaipaka cheni mafuta na kuingia barabarani kilomita sitini, mia, wengine miguu mitupu. Anayeshinda anaondoka na ng'ombe. Wanaozipenda wanazipenda kupita kiasi, na wasiozipenda hawajui hata kama zipo. Tatizo lao lilikuwa matokeo. Yaliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa bati wa duka lililo karibu na mwisho wa mbio, na asiyeridhika na nafasi yake alikuwa anakwenda kuuegemea mlango, anapiga soga hapo dakika mbili tatu, akiondoka mgongo wake umeshafuta nafasi ya nne mpaka ya tisa.

Nikaiita programu Kanyaga. Nilifanya kazi ile vizuri, hilo naweza kulisema bila unafiki, kwa sababu mtu asiyesikia kitu ana muda mwingi. Nilisimama na Benjamini juani saa saba mchana tukijaribu rangi mpaka tukapata ile ya njano juu ya nyeusi, inayosomeka bila kuikinga simu kwa kofia. Niliweka kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa AMEFIKA, kikubwa kiasi cha kutosha kidole cha mtu anayetoka jasho huku akipiga kelele. Niliifanya ifanye kazi hata pasipo mtandao, itume baadaye. Kwenye fomu ya kujiandikisha niliweka jina, kijiji, namba ya mgongoni, na mwisho kabisa mtu wa kujulishwa ukipata ajali. Hilo la mwisho hakuna aliyeniomba. Niliongeza mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa kwenye jina. Nilisomea mambo haya Mwanza, nikafundishwa kwamba jina ni lile la kwenye kitambulisho, nikalazimisha hivyo. Wiki nzima walijiandikisha watu wawili: Benjamini mwenyewe, ambaye hakimbii tena, na mwalimu mmoja wa hesabu aliyetaka kuona kama kitu kinafanya kazi. Benjamini akaniomba nilegeze. Hakueleza sababu. Nikaondoa kitambulisho, nikaacha kila mtu aandike jina analotaka, na siku tatu baadaye nikawa na watu sitini na wanne.

Nilikuwa nikiipitia ile orodha kuona kama kuna waliojirudia, nikakutana na katekista Sikujua wa kwetu Kolandoto. Nilimfahamu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na tulimzika mwaka uliotangulia. Sasa alikuwa amejiandikisha kilomita sitini. Nikaendelea kushuka nikamwona marehemu mwingine ninayemjua, na mwingine. Nikachukua simu nikaenda mpaka kibandani kwa Benjamini, nikamsalimia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nikamuuliza kama chama chake kimeniona mimi ni mtu wa kuchezewa.

Aliweka spana chini. Akanivutia kigoda. Akasema lile ni jina la mbio, kila mtu analo, alidhani nalijua kwa vile nimeolewa na mwendeshaji. Kwenye mbio hupandi kwa jina lako. Ukiliweka hadharani wiki mbili kabla, kuna mpinzani atalichukua atalipeleka kwa mtaalamu wake, na wewe ukifika kilomita ya arobaini miguu inakuwa ya mtu mwingine. Ila jina la aliyekwisha kufa halifungiki. Nani atamroga marehemu? Kwa hiyo mtu anaazima.

"Lakini huchukui marehemu yeyote tu, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Unachukua uliyemzika wewe. Lazima uwe umemtupia udongo kwa mkono wako. Bila hivyo wewe ni mwizi, na barabara itakujua."

Yeye mwenyewe alikimbia miaka kumi na mmoja kwa jina la kaka yake. Nilimuuliza Mayala alikuwa akikimbia kwa jina la nani. Benjamini akaishika tena spana, akaitazama.

"Mayala alikuwa mbishi. Alipanda kwa jina lake."

Wenzake walimwonya ataanguka, naye akawacheka, na hakuwahi kuanguka. Nilimwona Benjamini anavyofikiri, kwamba huenda kuna aliyelishika lile jina akalipeleka mbali. Mimi siamini mambo hayo. Nilirudi ofisini nikabadilisha fomu, mahali pa jina nikaandika JINA LA MBIO, na tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika.

Mbio za Shinyanga zilikwenda salama. Matokeo yalitoka kabla ya vumbi kutulia na mlango wa duka ukapumzika. Habari zikasambaa, na watu wa Kharumwa, huko Nyang'hwale, wakaomba kuitumia kwa mbio zao. Katibu wao ni mwanamke anayeitwa Rhoda, mchapakazi, tukaelewana kwa simu. Akafungua uandikishaji. Siku ya Jumanne, saa sita mchana, nikiwa na kiazi cha kuchemsha mkono mmoja, nikafungua orodha yake kuangalia kama kila kitu kinaingia sawasawa.

Namba thelathini na moja. Jina la mbio: Mayala Lusangija. Kijiji: Kolandoto. Mtu wa kujulishwa: Limi, mke wangu. Mahali pa namba ya simu palikuwa na sifuri kumi.

Limi ni mimi. Nilikimaliza kile kiazi. Nilinawa mikono, nikasuuza kikombe ambacho hakikuwa kichafu, nikarudi kukaa. Moyo haukuenda mbio. Nilidhani ungeenda.

Kulikuwa na njia mbili tu za jina lile kufika pale, na nilizijua zote mbili siku ile ile, sitadanganya. Ya kwanza, Mayala yuko hai, yuko Kharumwa, na bado ni yule yule mbishi anayepanda kwa jina lake. Ya pili, kuna mtu aliyemtupia udongo. Wajomba zake hawapandi baiskeli, na hakuna ndugu ambaye angethubutu kumzika kwenye fomu kabla mama yake hajaruhusu aliliwe. Halafu kuna lile neno, mke wangu. Nani mwingine angeandika hivyo? Nikaichagua njia ya kwanza. Niliichagua kwa akili tu, kama mtu anayechagua upande wa kukaa kanisani, na kila nilipojaribu kufurahi furaha haikuja.

Ningeweza kumpigia Rhoda aniangalizie mtu huyo ni nani. Sikumpigia. Mama mkwe nilimwambia ninakwenda Kharumwa kwa kazi ya ile programu, nitalala siku mbili. Alikuwa anapepeta mpunga. Alinitazama muda mrefu kuliko safari ya kazi inavyostahili, akaniambia niende salama, akaendelea kupepeta.

Asubuhi ya mbio waendeshaji walijipanga ng'ambo ya barabara, karibu mia moja, na watu wakawazunguka. Mimi nilikaa chini ya turubai la waandalizi nikiwapa mgongo, nikijifanya nashughulika na betri. Ilikuwa saa mbili. Nilikuwa na uwezo wa kujua saa mbili ile ile, kugeuza shingo tu, nikaona heri nijue saa nne. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nasema sitaki kingine ila kujua, na siku yenyewe ilipofika nikaomba niongezewe masaa mawili. Filimbi ikalia nyuma yangu, minyororo ikalia, watu wakashangilia, wakaondoka.

Rhoda alikaa nami. Alikuwa na maswali kuhusu kitufe, kuhusu chaji, kuhusu wawili wakifika pamoja, nami nilimjibu yote. Upande wa pili wa soko makarasha yalikuwa yakisaga mawe ya dhahabu, unasikia mngurumo mpaka kwenye meno. Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini. Nilitunga maneno. Kwanza nilitunga ya hasira, nikayaona marefu. Kisha nikaona nitamuuliza tu kama amekula.

Mayala aliwahi kuvunjika kiwiko cha kushoto na hakikupona vizuri. Akiwa juu ya baiskeli kiwiko hicho hutoka nje, huwezi kumkosea hata kama amefunika uso. Wa kwanza walipotokea kwenye kona ya ghala la pamba, nilisimama na simu mkononi. Wa kwanza, nikabonyeza. Wa pili na wa tatu wakaja wamebanana, nikabonyeza. Wa nne. Halafu akatokea mtu mfupi, amekaa wima juu ya kiti, viwiko vyote viwili ndani. Alikuwa bado mbali, namba yake haisomeki, nami nikajua. Alipokaribia namba ikasomeka, thelathini na moja. Nikabonyeza AMEFIKA, na simu ikaandika Mayala Lusangija, wa tano, masaa mawili na dakika tatu.

Nikampa Rhoda simu nikamwambia aendelee.

Yule mtu mfupi alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye nguzo ya umeme, anakunywa maji kwenye kidumu. Magoti yake yalikuwa na makovu ya kutambaa, kama ya wachimbaji wote. Nilimpa pole ya mbio, akaitikia. Nikamuuliza jina. Akajibu kama desturi inavyotaka, Mayala wa Kolandoto.

"Mimi ndiye Limi," nikasema.

Kidumu alikiweka chini taratibu, halafu na yeye mwenyewe akakaa chini, hapo hapo barabarani. Nikakaa pia, kwa sababu kusimama juu ya mtu aliyekaa ni kama kumhukumu, na sikuwa bado nimeamua.

Jina lake ni Cornel, mtu wa Biharamulo. Alinieleza akitazama mikono yake, nami sitaeleza kwa kirefu kama alivyoeleza yeye. Walikutana kwenye rashi, wakaingia duara moja, shimo la futi themanini, wakawa wanashuka kwa zamu na kulala hema moja kwa wiki saba. Mayala alikuwa akiwatengenezea watu baiskeli jioni na kuwasimulia mbio zake mpaka wanamwomba anyamaze. Ndiye aliyemfundisha Cornel kupanda mwinuko bila kuinuka kitini. Alimsimulia pia habari za mkewe anayefanya kazi na kompyuta na asiyekubali dagaa ziingie ndani ya nyumba yake. Hapo nilijua kwamba hasemi uongo. Kisha mvua ikanyesha siku mbili. Asubuhi ya tatu walishuka wote, na saa nne hivi Cornel akasikia kiu akapanda juu kunywa maji. Akiwa ameshika kikombe, matimba yakaachia, yale magogo yanayozuia udongo, na duara likajifunga.

Walifukua siku mbili. Mwenye duara akasema basi, hakuna tena mtu wa kutoa, na kwa kuwa shimo halikuwa na kibali akawataka watawanyike kabla serikali haijafika. Kila mtu akashika njia yake.

"Mimi nilibaki nyuma kidogo," Cornel akasema. "Nikachukua udongo kwa mkono, nikautupa. Udongo juu ya udongo. Nikasema jina lake lote, ili isiwe ni mtu tu."

Nilipiga hesabu ya miezi. Safari yangu ya kwanza ya Geita, nilipokuwa nikiwaonyesha watu ile picha, alikuwa chini ya ardhi siku nyingi. Nilingoja hilo liniume. Nililisikia kama habari ya mtu wa wilaya nyingine. Nikamuuliza Cornel kwa nini hakuja kutuambia.

Akasema alikuja. Alifika Kolandoto mpaka geti la hospitali, akauliza njia, mama mmoja akamwelekeza, akatembea mpaka akaliona bati la nyumba yetu. Akageuza.

"Kwa nini?"

"Niliogopa, shemeji. Niliogopa ungeniuliza kwa nini mimi ndiye niliyepanda kunywa maji."

Na kweli ningemuuliza. Nilikuwa nalo swali hilo mdomoni wakati ule ule, na nilimchukia kwa kunitangulia. Nilimtazama yule mtu mfupi aliyekaa wima, mzima, miguu yake inatetemeka kwa kilomita sitini, nikatamani angekuwa yeye. Hili sijamwambia mtu. Nilitamani hivyo kwa dakika nzima, kisha nikachoka.

Jina alilichukua, alisema, kwa kuwa katika maisha yake hajamzika mtu mwingine kwa mkono wake. Wazazi wake walikufa akiwa mgongoni. Na fomu ilipouliza mtu wa kujulishwa, aliona vibaya marehemu kukosa mtu, akaandika vile Mayala alivyozoea kusema. Hakujua kwamba fomu inasomwa. Nani husoma fomu?

Nilimwambia atakuja Kolandoto siku ya Jumatatu. Atakuja mpaka mlangoni safari hii, atakaa mbele ya mama yake Mayala na kumweleza yote, mvua, matimba, na maji pia asiyaruke. Akasema atakuja. Nilimwamini, sijui kwa nini. Nilipoinuka akaniuliza kwa sauti ndogo kama alifute lile jina.

"Ulimzika wewe," nikamwambia. "Ni lako."

Nilivuka barabara nikatafuta mahali ambapo makarasha hayasikiki sana, nikapata kibaraza cha duka la vitenge lililokuwa limefungwa kwa ajili ya mbio. Nilikuwa naogopa. Ni kitu cha kwanza nilichokisikia siku ile, na hakikuwa kwa ajili yangu. Nilikuwa nakwenda kumuua mtoto wa mtu kwa simu. Mwanamke aliyewafukuza wajomba miaka yote hii kwa neno moja, nani atakuwa karibu naye nikishakata? Nilimpigia jirani yetu Zipora kwanza, nikamwomba aende akakae pale nyumbani, asiseme lolote. Nikangoja robo saa. Ndipo nikampigia Mbuke.

Alipokea haraka. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, na hakuniuliza habari za kazi.

"Mama," nikasema, "nimeonana na mtu aliyemzika Mayala."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilisikia kuku, nikasikia kiti cha Zipora kikisogezwa. Nikangoja kilio, nikaisogeza simu mbali kidogo na sikio ili kiweze kutoka.

"Asante, ng'wanone, mtoto wangu," akasema. "Ni nani huyo, ana afya?"

Nikasema ana afya. Nikasema anakuja Jumatatu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, nikafikiri hajaelewa, nikaanza kumweleza upya, duara, mvua. Akanikatiza.

"Limi. Mimi nilishamlilia mwanangu. Mwaka ule ule wa kwanza, kule majarubani kwenye mpunga, wewe ukiwa mjini kazini. Nililia msimu mzima mpaka nikamaliza. Mama anajua."

"Lakini ulikuwa unawakatalia wajomba."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Alisema wajomba walitaka matanga yawe siku tatu, watu wale chakula, watawanyike, na yeye alikuwa akinitazama kila siku mezani, natafuna, nacheka pale pa kuchekea, macho makavu. Angeruhusu matanga nikiwa vile, alisema, ningehudumia wageni siku tatu, ningeosha sufuria, na ningebaki vile vile mpaka kufa kwangu. Mwanawe alikuwa amekwisha kwenda. Hakutaka kuzika wawili.

Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa kwa ajili yake. Nilijaribu kumwambia hivyo. Nilifungua mdomo niseme, Mama, mimi nilikuwa nakungoja wewe, na badala ya maneno ikatoka sauti nisiyoijua, nene, mbaya, ya mnyama, mpaka mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama. Nikakaa kibarazani. Iliniuma. Iliniuma kifuani na kwenye taya na kwenye mikono, mahali pote kwa pamoja, na nilishika simu kwa nguvu zote kwa kuogopa kwamba nikiiangusha nitabaki peke yangu na jambo lile.

"Lia," Mbuke akasema. "Nipo hapa. Sikati simu."